Injini inachemsha: kabla hedi haijafunguliwa, fuata njia ya maji

Meseji mbili ziliingia kwenye simu ya kituo wiki moja. Ya kwanza ilitoka Chilangala, wilayani Newala, kwa mama mwenye mashine ya kusaga. Anasema injini yake inachemsha kila siku, fundi amemwambia silinda hedi ifunguliwe na gasketi ibadilishwe, na hela iliyopo ni ile iliyobaki ya korosho. Ya pili ilitoka kwa kijana wa huku huku aliyeteremka Mikindani kutafuta maisha. Yuko kwenye boti yenye injini ya ndani. Anasema wakiongeza moto mshale wa joto unapanda, wakipunguza unashuka, na nahodha anawaambia wavumilie tu.

Wote wawili wametumia neno moja: inachemsha. Lakini kwa injini hizi mbili neno hilo lina maana mbili tofauti. Huyu wa Chilangala inawezekana anataka kulipia ugonjwa ambao haupo. Yule wa Mikindani anavumilia jambo ambalo siku moja litawaacha katikati ya maji bila injini. Tumewajibu hewani kwa kifupi. Hapa tunaeleza kwa kirefu, ili na wewe mwenye injini ya kusaga, ya kuvuta maji au ya boti uweze kuikagua mwenyewe kabla hujatoa hela.

Joto linatoka wapi, linakwenda wapi

Dizeli ikiungua ndani ya injini ndogo, nguvu yake inagawanyika karibu mafungu matatu. Fungu moja ndilo linalozungusha mkanda wa mashine au pangaboi la boti. Fungu la pili linatoka na moshi. Fungu la tatu linabaki kwenye chuma, na lisipoondolewa chuma kitaharibika. Kuliondoa ndiyo kazi ya maji.

Kwa hiyo injini ikizidi joto, sababu iko kwenye moja ya sehemu tatu. Ama joto haliondolewi kama inavyotakiwa, yaani shida iko kwenye njia ya maji. Ama injini inatengeneza joto kuliko kawaida, kwa sababu imebebeshwa mzigo mkubwa au haichomi mafuta vizuri. Ama injini ni nzima na kipimo ndicho kinachodanganya.

Anza na njia ya maji. Ndiko shida nyingi zinakopatikana, na ndiko ukaguzi usiokugharimu kitu. Kufungua hedi ni jambo la mwisho.

Injini ya mashine: kuchemka ndiyo kazi yake

Angalia injini za silinda moja zinazolala ubavu, za China, kama aina ya S195 yenye nguvu ya farasi 12. Juu ya silinda kuna tanki la wazi la maji. Hakuna rejeta wala pampu ya maji. Injini hizi zimetengenezwa ili maji yachemke. Maji yanapogeuka mvuke na kupaa, yanaondoka na joto, na chuma kinabaki kwenye joto lile lile la maji yanayochemka. Ufukweni maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Huku juu Newala, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 98 hivi. Chuma hakiathiriki kwa joto hilo.

Ukiona mvuke unatoka kwenye tanki la wazi wakati mashine inasaga, basi injini inafanya ilichoundwa kufanya. Hapo hakuna cha kutibu. Hatari inaanza pale maji yanapopungua na hakuna anayeangalia. Ndiyo maana watengenezaji wameweka boya dogo lenye kijiti kinachochomoza juu ya tanki. Kijiti kikizama, maji yamepungua. Kama boya lako limepotea au limejamu kwa kutu, litengeneze kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa hesabu ya maji, maana kwetu huku maji ndiyo mali. Kila lita 1 ya dizeli inayoungua kwa kazi nzito inapaisha karibu lita 4 za maji. Injini ya farasi 12 ikisaga kwa nguvu zote inakula dizeli kama lita 2 na nusu kwa saa, kwa hiyo inahitaji maji kama lita 10 kila saa. Ikifanya kazi hivyo saa 8, hizo ni ndoo 4 za lita 20. Mwenye mashine anayetenga ndoo moja kwa siku asishangae injini ikizidi joto. Haina maradhi, ina kiu.

Kila mtu wa Newala, Tandahimba na vijiji vya Masasi vilivyo juu ya uwanda anajua ndoo 4 maana yake nini. Mvua inanyesha, lakini mchanga wetu unaimeza, na chemchemi zinatokea chini kabisa, mtelemkoni. Bibi zetu walishuka huko na kupanda na mitungi kichwani. Hata maji ya bomba ya Mradi wa Makonde yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni, Mitema, ndipo yafike huku juu. Kwa hiyo anayepunguza maji ya injini mara nyingi hafanyi uzembe. Anapigania maji yale yale na jikoni. Ndiyo maana inafaa kujua njia ya kuyatumia kidogo.

Njia ya kwanza ni pipa. Kwenye mashine nyingi, hasa za injini za kizamani zinazosimama wima, utakuta pipa la lita 200 limeunganishwa na injini kwa mabomba mawili, moja la chini na moja la juu. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda kwa bomba la juu na kuingia pipani. Ya baridi ni mazito, yanashuka na kurudi injini kwa bomba la chini. Yanazunguka yenyewe bila pampu. Pipa la lita 200 likianza likiwa baridi, injini ya farasi 12 inaweza kufanya kazi nzito zaidi ya saa 2 kabla maji hayajakaribia kuchemka, na muda wote huo yanayopaa ni machache.

Lakini pipa lina mtego wake, na wengi wananaswa hapo. Maji ya pipani yakishuka chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko unakatika. Pipa linaweza kuwa limejaa robo tatu, ukiligusa ni la baridi, huku injini inaungua. Ukikuta injini ya moto sana na pipa la baridi, usimguse mtu wa hedi. Ongeza maji mpaka yafunike mdomo wa bomba la juu, kisha angalia kama bomba limebonyea au limeziba.

Njia ya pili ni kuchagua maji. Yanapopaa, maji huacha chumvi zake nyuma, kama birika la chai linavyoota ukoko mweupe. Ukoko huo ukinenepa kwenye kuta za silinda, unazuia joto lisifike kwenye maji. Injini inazidi joto huku tanki limejaa. Bahati nzuri nyumba nyingi za huku zina kisima cha kuvuna maji ya mvua ya bati, na maji ya mvua hayana chumvi za kuotesha ukoko. Hayo ndiyo maji bora ya injini, yachujwe tu kwa kitambaa yasiingie majani na mchanga. Ukitumia maji mengine, mwaga yote kila baada ya wiki chache, suuza, weka mapya. Ukiongeza juu ya yale ya zamani kila siku, unarundika chumvi.

Mama, fanya kipimo hiki kabla ya kulipa

Gasketi ya silinda hedi inaungua kweli, na ikiungua haina budi kubadilishwa. Lakini kwa injini yenye tanki la wazi kuna kipimo ambacho hakina gharama.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji. Vua mkanda ili isibebe mzigo. Washa, kisha simama pembeni uangalie maji yaliyo kwenye tanki. Katika dakika 1 au 2 za mwanzo maji bado ni ya baridi, hayana sababu ya kutoa mapovu. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, hiyo ni hewa ya moto inayopenya kutoka ndani ya silinda. Gasketi imeungua, au hedi imepasuka. Ukiona maji yametulia, fundi akueleze ameona nini kingine.

Kisha zima, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Usiiwashe tena injini hiyo mpaka itazamwe. Na kama injini inatoa moshi mweupe mzito hata ikishapata moto, na maji yanapungua hata siku ambayo haikusaga sana, hizo nazo ni dalili za gasketi.

Dalili zote zikikosekana, tafuta upande wa mzigo. Chekeche lililoziba, nyundo zilizolika, mahindi au makopa yasiyokauka vizuri, mkanda uliokazwa kupita kiasi: vyote vinailazimisha injini kuchoma dizeli zaidi kwa debe lile lile. Moshi mweusi ndio ushahidi wake. Kagua pia chujio la hewa. Nyumba ya mashine imejaa vumbi la unga, na chujio likiziba injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi na joto linazidi. Kama injini yako ni ya rejeta, pumba hujaa kwenye mapezi yake mpaka hewa haipiti. Lipulize au lipige mswaki laini kila jioni. Nozeli iliyochoka na pampu ya dizeli iliyotegwa vibaya pia huleta joto, ila hizo ni kazi za fundi.

Injini ya boti: hapa kuchemka ni ugonjwa

Sasa tushuke pwani. Injini ya ndani ya boti inaweza kuwa ya ukoo ule ule wa injini ya mashine, lakini haipozwi kwa kupaisha maji. Na haifai ipozwe hivyo, kwa sababu lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Ukipaisha lita 80 za maji ya bahari ndani ya injini kwa siku moja, utabaki na chumvi karibu kilo 3 humo ndani. Kwa hiyo baharini maji lazima yapite na kutoka, yaingie baridi na yatoke vuguvugu.

Kuna mitindo miwili. Wa kwanza, maji ya bahari yanapita moja kwa moja ndani ya injini. Injini ya namna hii huendeshwa kwenye joto la chini, nyuzi 60 hivi, kwa sababu joto likizidi hapo chumvi huanza kuganda kwenye chuma. Wa pili, ndani ya injini kuna maji baridi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, yanazunguka humo humo. Maji ya bahari hayaingii kwenye injini. Yanapita kwenye kipozeo chenye vijibomba vyembamba na kuyachukulia joto yale ya ndani. Injini hiyo kwa kawaida huenda kwenye nyuzi 80 hadi 90.

Kwa mitindo yote miwili ukaguzi unaanza sehemu moja: nyuma ya boti, pale maji yanapotokea. Kwenye boti nyingi yanatoka pamoja na moshi. Nahodha makini anageuza shingo kuyatazama kila baada ya kuwasha. Siku injini ikiwa nzima, weka ndoo pale, uhesabu inajaa kwa muda gani, uandike. Siku ya mashaka rudia, kwa mwendo ule ule wa injini. Ndoo ikichelewa kujaa, maji yamepungua njiani, na kazi yako ni kutafuta yamezuiliwa wapi.

Fuata njia kwa mpangilio, kutoka baharini kuelekea nyuma:

Koki ya chini ya boti. Imefunguliwa yote? Mfuko wa plastiki, mwani au tope la mkokoni hunaswa kwenye tundu lake.

Chujio la maji ya bahari. Funga koki kwanza, kisha fungua chujio, safisha, rudisha. Kifuniko kisipokaza, pampu inavuta hewa badala ya maji.

Bomba la mpira la kuvutia maji. Likizeeka hulainika, na injini ikiongezwa moto linabonyea kwa ndani. Likitulia linarudi sawa, kwa hiyo litazame injini ikiwa inakwenda kasi.

Pampu. Ndani yake mna impela ya mpira yenye mabawa. Impela inategemea maji kuilainisha. Ikizunguka kavu inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana, kwa mfano koki ikisahauliwa. Bawa likikatika, usiridhike kuweka impela mpya tu. Tafuta kipande kilichokatika, kimekwenda mbele na kitaziba kipozeo. Wakati wa kuifunga mpya ipake sabuni ya maji, usipake grisi. Kagua pia mkanda unaozungusha pampu.

Kipozeo. Fungua mifuniko yake ya mwishoni. Utakuta humo vipande vya impela, magamba, chumvi, na vipande vya ile zinki inayowekwa ili kutu iile yenyewe badala ya chuma. Zinki ikichakaa na kuvunjika nayo inaziba.

Thamostati. Hii ni mlango unaofunguka injini ikipata moto. Ukijamu umefungwa, maji hayazunguki. Ichomoe uitie kwenye sufuria ya maji jikoni na uyachemshe. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, imekufa. Usiitupe ukaendelea bila mlango wowote. Nunua nyingine ya nyuzi zile zile zilizoandikwa juu yake.

Kona ya ekzosi. Hapa maji ya bahari yanakutana na moshi wa moto, na masizi na chumvi huganda pamoja mpaka njia inabaki nyembamba. Maji yanapungua, moshi unakuwa mweusi, boti inakosa nguvu.

Joto lilianza lini? Jibu liko hapo

Wakati na namna joto linavyopanda vinakuonyesha pa kuanzia.

Likipanda ghafla ndani ya dakika chache, kitu kimeziba au kimekatika sasa hivi: mfuko kwenye tundu la maji, impela, mkanda. Likipanda kidogo kidogo kwa wiki nyingi, ni chumvi, ukoko au uchakavu. Likianza mara baada ya matengenezo, mara nyingi hewa imebaki kwenye mabomba ya maji, au mtu amesahau koki.

Likipanda kwa mwendo mkali na kushuka ukipunguza, kama alivyoeleza kijana wa Mikindani, maji yanapita lakini hayatoshi. Kwa safari polepole yanatosha, kwa kazi nzito hayatoshi. Sehemu za kutazama ni chujio, bomba linalobonyea, impela iliyolika, kipozeo na kona ya ekzosi. Na kabla hujafungua kitu, tazama chini ya boti. Chombo kilichoota kombe na mwani, au pangaboi lililonasa kipande cha wavu, kinaifanya injini ivute mzigo ambao haukuwepo.

Hili si la kuvumilia. Leo chujio limeziba nusu, kesho robo tatu. Msimu wa kusi, boti isiyo na injini karibu na mwamba haipewi muda wa kutafuta spea.

Na kama maji yanatoka vizuri na injini inavuta kama kawaida lakini mshale uko juu, shuku kipimo. Kagua waya wake, hutu huwa unaushika. Lakini usiseme kipimo kinadanganya mpaka umethibitisha, maana aliyesema hivyo bila kuthibitisha ndiye anayenunua injini nyingine.

Imeshazidi joto: ufanye nini dakika hiyo

Kwenye mashine: ondoa mzigo kwanza, acha kumimina mahindi. Kama maji bado yapo, iache injini izunguke bila mzigo dakika chache ili joto lishuke, kisha zima. Kama tanki limekauka, zima mara moja. Usimimine maji ya baridi. Chuma cha moto kikikutana na maji ya baridi kinapasuka, na hedi iliyopasuka ni gharama kuliko gasketi. Subiri mpaka uweze kuigusa injini kwa mkono bila kuunguzwa, halafu ongeza maji taratibu.

Kwenye boti: punguza moto, tazama nyuma kama maji yanatoka. Yakiwa hayatoki kabisa, zima. Kama uko karibu na mwamba au mawimbi yanayovunjika, tia nanga kwanza, au uwe na tanga na makasia tayari, ndipo uzime. Kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla kazi haijaanza, kwa sababu watu wote watakuwa wameinamia injini na hakuna anayetazama bahari.

Kwa injini yoyote yenye kifuniko cha kukaza, cha rejeta au cha kipozeo, usikifungue ikiwa ya moto. Maji yaliyofungiwa humo yamepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya mgandamizo. Ukifungua, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Kitambaa hakizuii.

Mtu akiungua, mwondolee pete, saa na nguo isiyogandia kwenye ngozi. Mmwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Huku kwetu ambako bomba halitiririki kila saa, mimina kwa kikombe taratibu, beseni likiwa chini, uteke tena. Usimpake dawa ya meno, asali, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati. Aliyeungua usoni au kwa eneo kubwa asicheleweshwe.

Mambo manne ya kumwambia fundi

Fundi mzuri hafanyi kazi kwa kubahatisha, lakini anategemea utakachomweleza. Ukimpigia na kusema "inachemsha" tu, hana pa kuanzia isipokuwa kufungua. Mweleze mambo manne: joto lilipanda ghafla au kidogo kidogo, lilipanda injini ikiwa na mzigo au bila mzigo, maji yalikuwa wapi, yamejaa, yamepungua au yanatoka kidogo, na rangi ya moshi na ya oili. Yaandike kwenye daftari siku hiyo hiyo, pamoja na saa za kazi na ndoo za maji zilizotumika.

Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litakuonyesha kitu ambacho hakuna fundi anayekuja mara moja anaweza kukiona. Kama ndoo zilikuwa 4 kwa siku na sasa ni 6 kwa kazi ile ile, kuna kinachovuja au mzigo umeongezeka. Kama ndoo ni zile zile na mvuke ni ule ule, injini yako iko sawa, na hela ya korosho ibaki kwa ada ya shule.